Chatu ndani ya lupango: mnauliza, tunajibu

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza juu ya chatu, nyoka ambaye wengi wetu hapa Lubumbashi tunamwita boa. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwani aliyeiandika anatakiwa kuamua ndani ya siku chache jambo litakalokaa naye miaka ishirini na zaidi.

SWALI: Ndugu zangu, jamaa mmoja wa upande wa Kipushi amenionyesha mtoto wa chatu. Hafiki hata mita moja, ni mpole, anajizungusha mkononi bila kuuma. Anataka kuniuzia. Nina annexe ya chumba kimoja nyuma ya nyumba, haina mtu, na umeme tunao ingawa unakatika. Watoto wanamtaka, mke wangu hamtaki. Je, nimchukue? Na nikimchukua, nimwandalie nini?
Baba wa watoto wawili, Bel-Air

JIBU: Papa wa Bel-Air, usimchukue. Tunalisema mapema ili usisome huku ukilisubiri, kisha tukupe sababu zetu uzipime mwenyewe ukiangalia lupango yako (kiwanja chako cha nyumba), mfuko wako na watu wa nyumbani kwako.

Huyo unayeonyeshwa ni mtoto bado. Chatu wa upande wetu wa Katanga ni yule wa kusini, Python natalensis, na hutoka kwenye yai akiwa na sentimita 50 au 60. Akikomaa, mita 3 hadi 4 ni kawaida, na wapo wanaopita 5. Hapo uzito unafika kilo 30, 40, wakati mwingine zaidi, na sehemu kubwa ya uzito huo ni msuli. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 20, hata 30. Mtoto wako akiwa na miaka sita leo, atakuwa anatafuta mchumba, na chatu bado anadai sungura wake. Kwa hiyo kabla ya kurudi kwa muuzaji, pima mita 4 kwa hatua kwenye ukuta wa annexe, ujiulize kama huyo ndiye unayemtaka. Huyu wa mkononi ni wa muda mfupi tu.

Upole wake nao uutazame vizuri. Nyoka hupata joto lake kutoka nje: kwenye jua, kwenye jiwe, kwenye udongo. Akitolewa kwenye mfuko wa muuzaji asubuhi, mwili umepoa na misuli imelegea. Anazunguka mkono polepole kwa sababu hana nguvu ya kufanya lingine. Omba kumwona nyoka huyo huyo alasiri, akiwa amekaa kwenye joto la digrii 30, ndipo utajua tabia yake. Wapo chatu wa Afrika waliozoea mkono wa mtu. Hata hivyo wafugaji wanawajua kuwa wakali kuliko jamii nyingi za chatu, na aliyekamatwa porini ni mgumu kuliko aliyezaliwa kwenye uangalizi wa watu. Huyo wa porini pia anakuja na kupe chini ya magamba na minyoo tumboni.

Sasa baridi, na hapa ndipo nyumba nyingi zinashindwa. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya digrii 10. Utasema: lakini chatu wanaishi hapa hapa porini. Ni kweli, na wanaishi kwa kuchagua. Usiku wanaingia kwenye shimo la mhanga au la ngiri, mahali ambapo joto la ardhi halibadiliki sana. Mchana wanatoka kuota jua. Na katika miezi ya baridi wengi wanaacha kula. Nyoka wa sandukuni hana pa kuchagua. Umlishe jioni, umeme ukatike saa mbili usiku: nyama inabaki tumboni bila kusagika, inaanza kuoza, na baada ya siku chache anaitapika ikinuka. Akitapika mara moja anadhoofika, na ikirudiwarudiwa inaweza kumuua. Baridi ya mfululizo huleta ugonjwa wa mapafu. Utasikia mluzi anapopumua, utaona mapovu puani, mdomo wazi na kichwa kimeinuliwa. Akifika hapo anahitaji daktari wa wanyama na dawa. Kumwongezea joto peke yake hakumtibu.

Anachohitaji ni sanduku lenye pande mbili za joto. Upande mmoja uwe na mahali pa kuota penye digrii 32 hadi 34, upande wa pili 25 hadi 27, na usiku pasishuke chini ya 23. Weka vipimajoto viwili, kimoja kila upande, kwa kuwa mkono wa mtu haupimi kitu hapa. Kipasha joto kikae juu, ndani ya kizimba cha waya ambacho nyoka hawezi kukigusa, na kiunganishwe na thermostati inayowasha na kuzima yenyewe. Sababu ya kizimba ni hii: nyoka hajui kujiondoa kwenye kitu kinachomchoma. Atajizungusha kwenye taa ya moto mpaka ngozi ya tumbo iungue, na kidonda hicho kinachukua miezi kupona. Jiwe la umeme la kupasha joto kutoka chini limeunguza nyoka wengi kwa namna hiyo hiyo.

Kwa chatu aliyekomaa, sanduku lisipungue mita 2.4 kwa 1.2, kimo cha mita 1, na hicho ni kipimo cha chini. Chumba kizima kingemfaa zaidi. Kuta ziwe za tripleksi (mbao bapa za tabaka) nene iliyopakwa rangi isiyopitisha maji, laini kwa ndani. Wavu wa waya kwa kuta usiukubali hata fundi akikuambia ni rahisi, maana usiku kucha anasukuma kwa pua akitafuta njia, na pua inachubuka mpaka mfupa. Nje ya tripleksi funika kwa frigoliti, lile povu jeupe gumu, ya sentimita 5. Ndani weka kificho kinachomtosha kujikunja huku mwili ukigusa pande zote, na beseni la maji analoweza kuingia mzima. Sakafuni tandika magazeti au katoni. Vumbi la mbao linaingia mdomoni pamoja na chakula.

Tupige hesabu ya umeme, kwa kuwa umesema unakatika. Sanduku la ukubwa huo, likiwa limefunikwa vizuri, katika usiku wa baridi litakula wati 150 hivi kwa wastani. Kwa saa 12 ni wati-saa 1,800. Betri moja ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400, lakini ukiimaliza zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo unabaki na 1,200, na inverta nayo inakula sehemu yake. Matokeo ni kama saa saba. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, betri inaishia saa saba usiku, na baridi kali inakuja alfajiri. Kwa hiyo ni betri mbili, na paneli au umeme wa mchana wa kuzijaza. Ukikwama usiku mmoja, bidoni za lita 5 zilizojazwa maji ya moto, zikafungwa kwenye blanketi na kupangwa nje ya kuta za sanduku, zinashikilia joto kwa saa kadhaa. Mbabula ya makala (jiko la makaa) usiiingize kwenye chumba kilichofungwa hata kwa dakika kumi. Gesi yake haina harufu, inaua nyoka na inamuua mtu aliyekuja kumwangalia.

Chakula si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Mdogo anakula panya mmoja kila siku 7 hadi 10, asiyezidi unene wa sehemu pana ya mwili wake. Mkubwa anakula sungura wa kilo 2 au 3 kila wiki nne hadi sita, karibu sungura kumi kwa mwaka. Mpe akiwa ameshauawa, bado ana joto, kwa koleo refu la sentimita 60 au zaidi. Panya hai aliyeachwa sandukuni usiku anamtafuna nyoka ambaye hana njaa, tumeona picha za migongo iliyoliwa mpaka ubavuni. Panya wa mtaani achana nao, huenda wamekula sumu. Akishakula usimguse siku tatu au nne.

Watu wengi wanaong'atwa na chatu wa nyumbani wanang'atwa saa ya chakula, mkono ukinuka panya au mlango ukifunguliwa kwa namna ile ile ya siku ya kulishwa. Meno yamepinda kuelekea kooni. Ukivuta mkono unajichana mwenyewe. Akishika na kujizungusha, hesabu inakuwa ya sekunde. Zamani ilisemwa anaua kwa kuziba pumzi. Utafiti wa Scott Boback na wenzake, uliochapishwa 2015, ulipima mishipa ya panya waliobanwa na boa wa Amerika, nyoka mwingine anayebana kama chatu wetu, wakakuta damu inasimama kuzunguka kabla pumzi haijawa tatizo. Ndiyo maana kuna kanuni ambayo hatuilegezi: nyoka akipita mita 2.4, hakuna kufungua sanduku ukiwa peke yako, na kwa kila mita 1.5 inayoongezeka aongezwe mtu mzima mmoja. Mwaka 2017 nchini Uingereza mwanamume wa miaka 31, mfugaji mwenye uzoefu, aliuawa nyumbani na chatu wake wa Afrika. Urefu wa nyoka huyo ulikuwa mita 2.4 tu. Akimshika mtu, msaidizi aanze kumfungua kutoka mkiani, ambako nguvu ni ndogo, na amwage maji baridi au pombe kali kidogo mdomoni mwa nyoka ili aachie. Kisha jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi, na aliyeumwa aende hospitali akachomwe sindano ya pepopunda.

Rudi sasa kwenye neno la mkeo. Wewe unaliona kama pingamizi la nyumbani. Sisi tunaliona kama jibu, kwa sababu huyo wa pili anayehitajika kila mara sanduku linapofunguliwa angekuwa yeye. Asipotaka kumgusa, hamko wawili.

Na sheria. Chatu wote wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, huyu wetu akiwa Kiambatisho cha Pili (kuvusha mpaka ni kwa kibali tu), na Kongo ni mwanachama tangu 1976. Hapa nchini kuna sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile. Kabla hujatoa hata falanga moja, nenda ofisi ya mazingira ya jimbo au ya ICCN, taasisi ya taifa ya kuhifadhi maumbile, uulize kibali. Karatasi yenye muhuri ambayo muuzaji anaitoa mfukoni haitoshi. Kumbuka pia kwamba ukimlipa, wiki ijayo atarudi porini kukamata mwingine.

SWALI: Jirani yetu ana chatu mkubwa ndani ya pipa la mafuta lililofunikwa bati na jiwe juu. Watoto wa mtaa wanalipa kidogo kwenda kumwona. Vijana wanasema wataenda kummwagia petroli. Mimi nina mjukuu wa miaka mitatu. Nifanye nini?
Mama mzee, Katuba

JIBU: Mama, wasiwasi wako ni wa haki. Bati na jiwe havimzuii chatu. Anasukuma kwa mgongo wake wote, kwa subira, usiku, na kichwa kikipita mwili unafuata. Tarehe 5 Agosti 2013, mji wa Campbellton nchini Canada, chatu wa Afrika alitoka kwenye kizimba chake kupitia tundu la hewa la darini, dari ikabomoka chini ya uzito wake, akaangukia sebuleni walikolala watoto wawili ndugu, wa miaka 4 na 6. Wote walikufa. Nyoka yule hakufika kilo 25. Nyumba zetu zina dari za mbao nyepesi zinazoungana chumba kwa chumba, kwa hiyo jambo hilo si la Canada tu.

Leo hii mjukuu asilale upande unaopakana na jirani bila mlango kufungwa, na matundu ya chini ya milango na ya mabomba yazibwe kwa saruji. Jioni na usiku ndizo saa za chatu, watoto wawe ndani. Kisha nenda na mtu mzima mwingine kwa shefu wa kata, mueleze kwa maandishi: nyoka yuko wapi, ukubwa gani, anafungiwaje, watoto wangapi wanaingia. Ombeni ICCN na huduma ya mazingira waitwe. Vijana waambie wasithubutu petroli. Pipa likiwaka, moto unaenda kwenye nyumba zenu, na nyoka aliyejeruhiwa akitoka hajulikani ataingia wapi. Jirani mwenyewe mkimfikia kwa heshima kabla ya polisi, mwambieni angalau kwa usiku huu afunge pipa kwa mnyororo na kufuli, atoboe matundu ya hewa yasiyozidi sentimita moja, na asiruhusu mtoto yeyote kusogea. Pipa la chuma juani mchana linamuoka huyo nyoka na usiku linamgandisha. Anateseka humo, hilo nalo lisemwe mbele ya shefu.

SWALI: Kwenye shamba langu la mahindi, njia ya Kafubu, kuna chatu jike amejikunja juu ya mayai ndani ya shimo la mhanga. Mtu amekuja akitaka kununua mama na mayai, anasema atavipitisha mpaka wa Kasumbalesa. Naogopa kwa ajili ya bata wangu na mbuzi wadogo. Nimuuzie?
Mkulima

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Na tunakuomba usome hili polepole, kwa sababu una kitu adimu shambani mwako.

Chatu huyu wa kusini ni miongoni mwa nyoka wachache wanaojulikana kulea. Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, aliwafuata majike kwa miaka kadhaa na kuchapisha matokeo 2018. Jike anageuka rangi kuwa mweusi zaidi ili anyonye jua vizuri. Anatoka shimoni, anaota mpaka mwili unafikia karibu digrii 40, anarudi kujizungusha kwenye mayai kuyapa joto hilo. Mayai yakitotolewa, watoto wanabaki karibu ya shimo kwa wiki mbili hivi, usiku wakilala ndani ya mikunjo ya mama. Muda wote huo yeye hali. Anapoteza takriban asilimia 40 ya uzito wake. Kwa hiyo bata wako, kwa kipindi hiki hasa, hawana adui pale shimoni.

Mwache. Weka matawi ya miiba kwa duara la mita 20 au 30 ili watoto, mbwa na wapita njia wasisogee, na sehemu hiyo usiichome moto. Akikaribiwa anaweza kuyaacha mayai, na mayai yaliyopoa yanakufa. Aliyekuja kununua hata akiyabeba hatapata kitu: yameshikamana, yakigeuzwa kiinitete ndani kinazama, na bila digrii 30 hadi 32 za siku zote hayatotolewi. Kuvuka Kasumbalesa bila hati ya CITES ni magendo upande huu na upande wa Zambia, na wewe uliyeuza unahesabiwa ndani.

Watoto wakishatawanyika, mama atakuwa na njaa. Hapo funga banda la bata kila jioni kwa wavu wenye matundu ya sentimita 1.3, uufukie ardhini sentimita 30, na mlango usiache upenyo unaopita kidole. Mbuzi wadogo walale ndani ya ukuta. Ukiyafanya hayo atarudi kwenye kazi yake ya ndezi na panya, hao hao wanaokula mahindi yako.

SWALI: Nimekuta nyoka mfupi mwenye madoa karibu na choo. Mdogo wangu anasema ni mtoto wa chatu, mimi nasema ni kifutu. Tunatofautishaje?
Mwanafunzi, Ruashi

JIBU: Mtoto wa chatu ni mwembamba na mrefu, juu ya kichwa ana alama nyeusi yenye umbo la ncha ya mkuki, na kwenye midomo ana vijishimo vya kuhisi joto. Kifutu ni mnene kuliko urefu wake unavyostahili, mkia mfupi, kichwa kipana, mgongoni alama za V zinazofuatana, na akikasirika anavuta hewa na kuitoa kwa sauti kubwa. Lakini ukiwa umbali wa kuona vijishimo vya midomo, umeshasogea mno. Sumu ya kifutu inaozesha nyama ya mguu. Chukulieni kila nyoka mfupi mnene kuwa kifutu, rudini mita tatu, mwacheni njia ya kuondokea. Akiuma, msikate wala kunyonya wala kufunga kamba: mguu utulizwe, vitu vya kubana vivuliwe, moja kwa moja hospitali.

SWALI: Rafiki zangu wanapiga picha na chatu shingoni, na nyumbani wapo wanaokula nyama yake na kujipaka mafuta yake. Kuna magonjwa?
Muuguzi mwanafunzi, Kampemba

JIBU: Yapo mawili unayopaswa kuyajua katika kazi yako. La kwanza ni salmonela, bakteria inayoharisha. Nyoka anaibeba kwenye utumbo bila kuumwa na kuiacha kwenye ngozi, maji na kila anapopita. Mtoto chini ya miaka 5, mama mjamzito, mzee na mgonjwa mwenye kinga dhaifu wasimguse kabisa, wala beseni lake lisioshewe jikoni. Vyombo vioshwe kwanza kwa sabuni, kisha maji ya javeli (dawa ya kung'arisha nguo), kipimo kimoja kwa kumi, vikae dakika kumi na kusuuzwa. Ukiweka javeli juu ya uchafu haifanyi kazi.

La pili halisemwi sana. Ni mdudu Armillifer armillatus, mwenye pete mwilini kama mnyoo, anayeishi kwenye mapafu ya chatu na vifutu. Mayai yake yanatoka kwa ute wa mdomo na kwa mavi. Mtu akiyameza, kwa mikono, kwa maji au kwa nyama isiyoiva, viluwiluwi vinajificha kwenye ini, mapafu na utando wa tumbo. Wengi hawahisi kitu, na vinaonekana baadaye kwenye picha ya eksirei vikiwa vidoa vyeupe vya umbo la mwezi mchanga. Wengine wanaumwa tumbo. Huku kwetu Kongo, Sankuru, wameandikwa wagonjwa ambao viluwiluwi vya jamii hiyo viliingia jichoni. Hakuna dawa iliyothibitika. Cha jichoni hutolewa kwa upasuaji. Kinga ni glavu wakati wa kuchuna na kusafisha, sabuni, na kupika mpaka nyama iive kabisa. Kuhusu nyoka wa shingoni, mbali na ute huo, hapo ndipo pabaya zaidi kumweka mnyama anayebana. Mafuta ya kujipaka hatujui ugonjwa yanaoponya, na kila chupa ni chatu mmoja aliyeuawa.

SWALI: Nina chatu wa mita 3 tangu akiwa mdogo. Nimepata kazi Likasi, siwezi kwenda naye. Nimwachie porini?
D., Kamalondo

JIBU: Mdogo wetu, usimwachie. Hajui mashimo ya pale, hajui kuwinda, ameuzoea mlango wa mtu kuwa ndiko chakula kinakotoka. Atatafuta nyumba, na watamuua au atamdhuru mtu. Magonjwa aliyoyapata kwako atawapa wa porini. Kule Florida, Marekani, chatu wa Asia waliotoka mikononi mwa wafugaji wameenea kwenye kinamasi cha Everglades na kumaliza wanyama wengi wadogo, hata 2012 serikali ikapiga marufuku kuingiza jamii kadhaa, chatu wetu wa Afrika wakiwemo.

Anza na afya. Kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi ndiko pa kuuliza uchunguzi wa kupe, minyoo na mapafu. Kisha andika ICCN, na uulize bustani ya wanyama ya Lubumbashi kama wana nafasi. Uliza kabla hujambeba, wala usimwache langoni. Barua iseme urefu, uzito, alikotoka, anachokula na mara ya mwisho alipokula. Ukipata pa kumpeleka, asile siku 10 kabla ya safari. Aingizwe kwenye gunia la kitambaa kinachopitisha hewa, lifungwe fundo, liwekwe ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Msafiri watu wazima watatu, mchana, ndani ya gari lisilo na abiria wengine, na joto lisishuke chini ya digrii 22 wala kupita 30.

Kama hakuna anayempokea na huwezi kumtunza, daktari wa wanyama anaweza kumlaza kwa sindano bila maumivu. Ni uamuzi mchungu na tunaujua uzito wake kwako uliyemlea. Lakini usiufanye mwenyewe kwa panga: ubongo wa nyoka unaendelea kuhisi muda mrefu baada ya kichwa kukatwa. Wala usimweke kwenye friza. Mpaka siku ya kumpokea ifike, ratiba ya joto na maji iendelee vile vile, na ufunguo wa sanduku abaki nao mtu mzima mmoja anayejulikana, awe ameshakuona ukimlisha mara mbili au tatu kabla hujaondoka kwenda Likasi.